Lenght, kash na referer: nilivyojifunza Kiingereza cha kompyuta kwa hasara

Kabla sijaanza niseme tu mimi sio mwalimu wa Kiingereza na lafudhi ya kizungu sina, ukinisikia dakika moja tu ushajua huyu katokea Singida. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, mwaka wa kumi na moja huu, na pesa niliyopoteza kwa sababu ya herufi moja kukaa vibaya au neno moja kulitamka kivyangu nikiijumlisha kichwa kinauma. Naandika kwa ajili ya dogo ambaye ndo anaanza, kufikiri anajua vizuri tu ila Kiingereza kinampiga chenga, asije akadhani yeye ndo mjinga kama nilivyodhani mimi.

Tatizo lilianzia mbali. Msingi yote nilisoma kwa Kiswahili, na Kiswahili bwana ukishazijua silabi umemaliza, neno hata kama hujawahi kulisikia unalisoma na unalisoma sawa. Sasa unaingia fomu wani, ghafla masomo karibu yote Kiingereza, ticha anaandika "enough" ubaoni anasoma inaf. Ile "gh" imeenda wapi hakuna aliyeuliza, tuliogopa fimbo. Tulichofanya wengi ni kukariri neno kwa kulisoma kama la Kiswahili, "because" kichwani ni be-ka-u-se, "Wednesday" ni wed-nes-da-yi, "knife" ni ki-ni-fe. Na ukweli ile njia inasaidia, kwenye imla nilikuwa napata zote, mpaka leo nikitaka kuandika Jumatano ya kizungu moyoni nasema wednesdayi. Ubaya wake unajaza kichwa mamia ya maneno ambayo kwako yanasomeka tofauti na anavyoyasema mtu yeyote duniani, na hujui kama hujui, kwa sababu hakuna siku umeyasikia.

Chuo nilisoma Mwanza, diploma ya tehama, mwaka 2013. Tukapewa kazi ya kutengeneza ukurasa unaoonyesha majina ya wanafunzi kwa Javaskripti, ile lugha ya programu za kurasa za mtandao, yaani lupu (mistari inayojirudia) ya kawaida kabisa, ianze sifuri iende mpaka urefu wa orodha. Yangu inafungua ukurasa mweupe. Hakuna jina hata moja na hakuna kosa lolote linaloonyeshwa. Nilikaa na kitu hicho siku mbili, nikaapa kompyuta ya maabara ina virusi, nikahamia nyingine, nikafuta kila kitu nikaandika upya na kwa akili zangu nilivyoandika upya nilikuwa nakopi mistari ileile. Usiku wa pili jamaa yangu wa hosteli akakaa pembeni akaanza kusoma kwa kidole, herufi moja moja, el, i, en, ji, eichi, ti. Akanyamaza. Akasema kaka hapa umeandika lenghiti.

"Length" inaishia na th, "height" inaishia na ht, na mimi nilizifungia kwenye fungu moja kwa sababu zote ni vipimo na zote nilikuwa nazikumbuka kwa macho tu. Ningekuwa nimewahi kuzisikia vizuri nisingekosea, moja ni lengthi ya kuuma ulimi, nyingine ni hait. Na Javaskripti ilivyo ukiiuliza kitu isichokijua haigombi, inakujibu kimyakimya kwamba hakijulikani, halafu sifuri ukiilinganisha na kisichojulikana jibu ni hapana, kwa hiyo lupu haianzi hata mara moja. Hapo ndo nilijifunza kuogopa kosa lisilopiga kelele kuliko lile linalojaza skrini maandishi mekundu.

Wiki chache mbele ikaja ya rangi. Sisi shuleni tunafuata Uingereza, tunaandika "colour", "centre", "favourite", ukiandika vinginevyo mwalimu anakata. CSS, ile lugha ya kupamba kurasa, inataka "color" na "center", ukiiandikia "colour" hailalamiki, inauruka huo mstari kama haijauona na maandishi yanabaki meusi. Nikawa najiuliza sasa nani mkweli, mwalimu au kompyuta. Wote wakweli. Kulikuwa na Mmarekani anaitwa Noah Webster, alitoa kamusi kubwa mwaka 1828, yeye alikuwa anaona Wamarekani wawe na maandishi yao na herufi zisizo na kazi ziondoke, ndo hiyo u ya "colour" ikaenda. Alitaka mpaka "tongue" iandikwe "tung" na "women" iwe "wimmen", hizo watu wakamkatalia. Mimi namwelewa kabisa yule mzee, angezaliwa pwani yetu asingehangaika. Na kwa vile lugha nyingi za kompyuta zimetengenezwa Marekani basi ndani ya kodi (kodi ya programu, sio ya TRA) tahajia yao ndo imetawala.

Ila usibebe hiyo ukaifanya sheria. Waingereza wenyewe wanaandika "programme" kwa ratiba au kipindi cha redio, lakini programu ya kompyuta wanaandika "program" kama Wamarekani. Diski ya ndani ya kompyuta ni "disk" yenye k, sidii ni "disc" yenye c. CSS hiyohiyo iliyokukatalia "colour", kwenye rangi ya kijivu inakubali "gray" na "grey" zote mbili. Hakuna mantiki ya kutafuta hapo, unaangalia tu chombo chenyewe kinataka nini.

Kazi ya kwanza niliwekwa kwenye simu, kusaidia wateja walioshindwa kuingia kwenye mfumo. Hapo ndo nikakutana na balaa la kutaja herufi. A ya kizungu inaitwa ei, E inaitwa i, I inaitwa ai. Sasa wewe unamtajia mtu pasiwedi kwa simu, mtandao unakatakata, unamwambia "i" yeye anaandika i. Nakumbuka mama mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi, tumerudia mara nne, mfumo unafunga akaunti ukikosea mara tano.

"Shikamoo mama, tuanze tena taratibu. Kei, i, ei..."

"Subiri mwanangu. Hiyo i ni ya Kiswahili au ya kizungu?"

Nilicheka nikakosa jibu, maana kiukweli hata mimi nilikuwa nachanganya, kei ya kizungu na a ya nyumbani. Kuanzia siku hiyo ofisini tukawa tunatumia miji, A ya Arusha, B ya Bukoba, D ya Dodoma, I ya Iringa, M ya Moshi, na kila mtu anaelewa awe amesoma au hajasoma. Baadaye nikaja kujua marubani wana orodha yao ya dunia nzima, Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea, na kilichonifurahisha "Alfa" kwenye orodha rasmi imeandikwa kwa f sio ph, na "Juliett" ina t mbili, makusudi, ili asiyejua Kiingereza asome sawa na Mfaransa asiimeze t ya mwisho. Yaani hata wenyewe walijua tahajia yao ni mtego. Ukifanya kazi ya simu chukua hii ya miji, usitaje herufi tupu kamwe. Na Z pia, Mwingereza anasema zedi, Mmarekani anasema zii, mimi kwenye video za kujifunzia nilikuwa nasikia "panga kutoka ei mpaka sii" nikawa najiuliza mbona wanapanga herufi tatu tu.

Sasa nije kwenye ile iliyoniuma. Nikaitwa intavyuu ya kampuni moja ya mambo ya malipo, mshahara mara mbili ya niliokuwa napata. Nimeazima koti, nimelala lodji Sinza ili nisichelewe, nauli na lodji na kunyoa zilifika kama elfu themanini. Panel ya watu watatu, mmoja mzungu. Nimejibu vizuri maswali ya mwanzo nikaanza kujiamini, basi yule mzungu akaniuliza kwa Kiingereza, wewe ukipewa mfumo wenye wateja wengi "kash" utaishughulikiaje? Mimi nikasema hapa nimefika nyumbani. Kampuni ya malipo, wanauliza kuhusu keshi. Nikaanza kueleza mawakala, float, nani ahesabu pesa jioni, umuhimu wa risiti. Dakika tatu nzima. Wakawa wanaangaliana.

Alikuwa anauliza kuhusu "cache", ile hifadhi ya muda inayofanya programu isirudie kutafuta kitu kilekile. Hicho kitu nilikuwa nakijua vizuri sana, nilishakitengeneza kwa mikono yangu, ila kwangu kilikuwa kinaitwa kache, kimaandishi, sijawahi kukisikia mtu akikitamka. Lile neno limetoka Kifaransa, linahusu kuficha, na linatamkwa sawasawa kabisa na pesa taslimu. Dada mmoja wa kwenye panel alipoliandika kwenye karatasi akanionyesha ndo nikashtuka nikasema "aah, kache!" na mzungu naye akawa hajui kache ni nini. Baadaye kidogo nikasoma "queue" kwewe. Ile ni kyu, kama herufi Q peke yake, herufi nne za nyuma zimekaa kwenye foleni tu hazifanyi kitu. Nikajua nimekwisha. Kwenye daladala kurudi nilikuwa nimeshika dirisha naona aibu mpaka masikio yanawaka, na walionipigia baadaye walisema tu asante kwa kuja.

Kosa langu kubwa lililofuata ni la kifedha. Nikaenda kulipia kozi ya matamshi, laki moja na nusu, wiki sita. Tukafundishwa kubana pua, kuviringisha r, kusema "wara" badala ya maji ya kizungu. Nilitoka pale naongea kama mtangazaji wa redio mwenye mafua na "cache" bado hawajanifundisha. Ungeniuliza leo ningekwambia hiyo hela nunua bando. Mimi sijaona lafudhi ikimkosesha mtu kazi yetu hii, Wahindi wana lafudhi yao na wanafanya kazi dunia nzima. Kinachokuangusha ni neno kutotambulika kabisa, basi.

Kilichonisaidia kilikuja bure na kilitoka kwenye Kiswahili chenyewe. Siku moja naandika "receipt" kwenye mfumo wa mauzo nikajiuliza hii p inatamkwa au haitamkwi, halafu nikakumbuka sisi tunasema risiti. Risiti! Hakuna p. Babu zetu waliolichukua hilo neno hawakulisoma kwenye kitabu, walilisikia kwa mtu, wakaandika walichosikia. "Sign" tunasema saini, g haipo. "Colonel" lile neno la jeshi lenye l mbili ambalo kila mtu anaogopa kulisoma, sisi tunasema kanali, ambayo ni karibu kabisa na wanavyosema wenyewe. Na hapohapo nikapata lingine, "kernel", kile kiini cha mfumo endeshi, kinatamkwa sawa na kanali wa jeshi, Waingereza wenyewe ukiwafumba macho hawajui unasema lipi.

Nikaanza kupenda kujua hizo herufi bubu zilitoka wapi, na kila nikijua moja ndo inakaa kichwani. Ile p ya "receipt" na b ya "debt" zilichomekwa na wasomi zamani waliotaka maneno yafanane na Kilatini, hazikuwahi kutamkwa. "Knife" ilikuwa inatamkwa na k kweli, hivyo mimi na kinife yangu nilikuwa sahihi ila nimechelewa miaka mia kadhaa. Caxton alileta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, maandishi yakaanza kuganda, wakati huohuo midomo ya watu ikaendelea kubadilisha irabu kwa vizazi na vizazi. Kwa hiyo tunachokiandika ni sauti za marehemu. Nikikumbuka hilo nasamehe.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia ni mkazo. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili toka mwisho, tumezoea, tunaubeba kwenda nao kila mahali. "Parameter" sisi tunasema paraMIta, wao paRAmita, na ukiwaambia paraMIta wanafikiri unataja kipimo cha urefu. "Character" ni KArakta. Halafu irabu fupi na ndefu ambazo sisi hatuzijali. Hii nayo ilinikuta kwenye kikao cha video na wateja wa nje, nikasema kwa kujiamini kabisa nitawatumia "sheet" jioni, sasa i yangu ikatoka fupi. Wamenyamaza. Mmoja kazima kamera. Bosi akanipigia baadaye anacheka mpaka anakohoa, kaniambia dogo umewaahidi kinyesi. Dawa yangu ni rahisi sana, sitaji tena hilo neno, nasema faili. Kama neno linakutega tafuta jirani yake, hakuna anayekupa tuzo kwa kulitamka.

Na yapo maneno ambayo wenyewe hawajakubaliana, usihangaike nayo. GIF, zile picha za kuchezacheza, aliyeitengeneza mwaka 1987, Steve Wilhite, alisema ni jif, na dunia nusu inasema gif mpaka leo. SQL, ile lugha ya kuulizia databesi, wengine es-kyu-el wengine sikwel, na hao wa sikwel wana sababu, pale IBM miaka ya 1970 ilianza kwa jina la SEQUEL ndo ikabidi lifupishwe kwa sababu jina lilikuwa la kampuni nyingine. "Router", kile kifaa cha kugawa intaneti, ni ruta Uingereza, rauta Marekani, huku kwetu fundi anasema zote kwa siku moja. Mimi nilipoteza muda mwingi kutafuta lipi sahihi kumbe natakiwa kusikia wenzangu ofisini wanasemaje niseme hivyohivyo.

Sasa hasara kubwa kuliko zote ilinikuta sio nikiwa sijui, ilinikuta nimeshajua. Nilishakuwa mjuaji wa tahajia, narekebisha wenzangu, nakera. Nikapewa mfumo wa duka la mtandaoni ulioandikwa kwa PHP, lugha ya programu za upande wa seva, na mtu aliyeondoka, nikakuta kaandika "referer". Nikacheka peke yangu. Neno sahihi la kizungu ni "referrer", r mbili katikati, kila kamusi inasema hivyo. Nikafanya tafuta na badilisha mfumo mzima, nikapandisha kwenye seva Ijumaa jioni, nikaenda kula kitimoto.

Kumbe hilo ni jina la kichwa ambacho kivinjari kinatuma kwenye seva kusema mgeni katokea ukurasa gani, na lilikosewa na wazungu wenyewe tangu mwanzo, likapitishwa hivyohivyo kwenye RFC 1945, hati ya kanuni za mtandao ya mwaka 1996, na kwa sababu dunia nzima ilishalitumia limebaki na r pungufu milele. Duka lilikuwa linatumia hicho kichwa kujua mteja kaletwa na wakala yupi ili alipwe kamisheni. Nilivyobadilisha kikawa hakionekani, na yule jamaa aliandika vizuri kwamba kama hakipo programu iendelee tu bila kelele, basi ikaendelea bila kelele wiki tatu. Mawakala wakaanza kupiga simu. Bosi akakokotoa fidia akanikata laki mbili mwezi ule na laki mbili mwezi uliofuata, na sikubisha. Kinachochekesha kwa uchungu ni kwamba kwenye Javaskripti kitu hichohicho kimeandikwa kwa r mbili, sahihi. Kwa hiyo kwenye ukurasa mmoja unaandika hivi hapa na vile pale, na ukikosea kokote hupati kosa. Afadhali Ken Thompson, mmoja wa waliotengeneza mfumo endeshi wa Unix, aliulizwa angetengeneza upya angebadilisha nini akasema ile amri ya "creat" angeiwekea e mwishoni. Na hajaiwekea, ipo hivyohivyo mpaka leo.

Siku hizi nina daftari la kaunta, kurasa mbili mbili, kushoto naandika neno linavyoandikwa, kulia naandika kwa Kiswahili linavyosikika, kyu, kash, kolam, swit (hiyo ni "suite", nilikuwa naiita suti). Neno haliingii mpaka nimelisikia kwa masikio, kamusi nyingi za mtandaoni zina kitufe cha spika, bonyeza Uingereza bonyeza Marekani inatosha. Kwenye kodi siandiki jina refu kwa mkono, naandika herufi tatu naacha kihariri kimalizie, kama hakimalizi najua nimekosea mwanzo. Timu yetu tumekubaliana ndani ya kodi ni Kimarekani, barua na ripoti kwa wateja wa Tanzania ni Kiingereza cha Uingereza, maana "licence" na "license" zilishatupa safu mbili za leseni kwenye databesi moja, nusu ya magari huku nusu kule, wikiendi nzima ilikufa tukiziunganisha. Na nikikuta neno limekosewa kwenye mfumo wa mtu siligusi mpaka nimejua nani mwingine analitumia.

Hilo la mwisho silisemi kwa ujanja. Mwaka 2017 nilitengeneza jedwali la wateja nikaandika "adress", d moja, usiku, nimechoka. Nilipogundua tayari mifumo mitatu inasoma humo pamoja na programu ya simu ya mteja, kubadilisha ni kuzima kila kitu, basi nikaliacha. Juzi dogo wa field kaniletea barua pepe niipitie kabla hajamtumia mteja, kaandika "adress" mara nne. Nikamwambia mdogo wangu hii ina d mbili. Akanibishia, tena kwa heshima, "hapana kaka, mimi nimeangalia kwenye databesi."